Dengu za Ukuta

Lango letu halimo kwenye kadi za posta.
Aurangabad ina malango mengi, na hili
ndilo mabasi ya watalii hulipita
yakienda kulitafuta jingine.

Tao lake limechongoka, viganja viwili
vya mtu aliyeanza dua akakatizwa.
Begani, huku na huku, yungiyungi la jiwe;
juu kabisa vitundu vya bunduki
ambavyo njiwa wamevirithi bila kesi.
Ubawa mmoja tu wa mlango umesalia,
umeota misumari ya chuma
kwa kimo cha paji la tembo.
Leo misumari hiyo inanigusa kifua.
Lango halikudidimia. Barabara ndiyo iliyopanda,
lami juu ya lami,
kila mwaka wa uchaguzi tabaka jipya.

Januari lori la miwa likakwama humo,
likatoka na plasta upana wa jamvi.
Dereva, Pandurang wa Paithan, alishuka,
akalitazama tao, akavua kofia,
kisha akaomba asilipe.

Manispaa iliandika barua mbili siku moja,
ya kubomoa na ya kukarabati.
Ya kukarabati ilitangulia kufika
kwa kuwa tarishi anakaa mtaani kwetu.

Ndipo akaitwa baba, Bundu Mistri.
Saruji, akawaambia, ni mgeni
asiyejua kuvua viatu mlangoni.
Ukuta huu unataka chokaa iliyolala majini siku arobaini,
mchanga wa mto (si wa Kham, Kham sasa ni povu),
nyuzi za katani, maji ya dengu,
na sukari guru. Kilo tisa!
Mama, Naseebun, anayempimia chai
kwa nusu kijiko tangu daktari aseme neno lake,
akazihesabu kilo zile moja moja.
"Ukuta unywe tamu," baba akanung'unika,
"mimi ninywe majani."

Dengu zililoweshwa katika sufuria ya arusi yao.
Usiku mmoja tulipika nusu, na vitunguu.
Ukuta haukulalamika.

Nilikuwa namshikia ngazi
alipobandua kingo za lile jeraha.
Ndani ya chokaa ya kale, rangi ya jino la mzee,
akakuta ganda la dengu. Moja.
Zima, jembamba, limekunjika.
Hakupiga kelele. Alicheka puani.
"Kijana alikuwa mvivu," akasema,
"hakuchekecha."
Miaka mingapi? Hatujui. Hakuna jiwe lenye maandishi,
na waliobeba karai hawakuandikwa kokote.
Ila huyu mmoja tumemfumania
akiharakisha kazi, pengine jua limezama,
pengine kuna mtu anamsubiri.

Baba akatazama kulia, kushoto,
akakilamba kipande kile.
Alipoinama kuosha mwiko
nami nikaweka ulimi pale pale.
Vumbi. Chumvi kidogo. Baridi ya kisima.

Jioni mama akauliza: "Basi? Bado ina tamu?"
"Tamu," akajibu baba, bila kupepesa.
Mama akanigeukia mimi.
Nikasema, tamu.
Akachukua kijiko kizima, kimejaa hadi kikomo,
akakimimina kwenye kikombe chake, akaondoka
kabla hatujaona uso wake.

Kiraka kilikauka polepole chini ya magunia mabichi.
Bwana Wadgaonkar wa manispaa alikuja, akagonga kwa kidole,
akauliza kwa nini pale pembeni pana kokwa kokwa,
mchanganyiko haukuchujwa?
"Uzee, bwana," baba akasema, "macho."
Mimi nilikuwapo. Nilimwona akitia
konzi nzima ya maganda, kwa mkono wake,
akiyatawanya kama mtu alishaye kuku.

Wiki iliyofuata Pandurang alipita na miwa mingine,
amekunja vioo vyote viwili,
taratibu, kichwa nje ya dirisha,
kama aingiaye chumba chenye mtoto aliyelala.